Nyundo, Mashine au Baruti: Kuchagua Njia ya Kubomoa Jengo Lililoharibika

Mwenye jengo aliyepewa notisi ya halmashauri au ya serikali ya kaunti kwamba jengo lake si salama tena huanza, karibu kila mara, kwa kutafuta bei. Mkandarasi wa kwanza humletea hesabu ya vijana wenye nyundo na mitaimbo, wa pili humletea hesabu ya mashine kwa siku, na siku hizi hakosekani wa tatu ambaye ameona video za maghorofa ya ng'ambo yakilala chini kwa sekunde kumi na anaamini kwamba baruti ingemaliza kazi yote kabla ya adhuhuri. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika hesabu hizo tatu mkononi, awe mrithi wa nyumba ya familia, mjumbe wa kamati ya shule au msikiti, au meneja wa kampuni ndogo. Unahusu zaidi majengo ya ghorofa mbili hadi kumi ya miji yetu, ambayo kwa kawaida yamebanana na majengo mengine na yamezungukwa na biashara za watu.

Bei ina nafasi yake, lakini yapo maswali mawili yanayoitangulia. La kwanza ni kama jengo hilo bado linaweza kubeba uzito wa watu na vifaa vitakavyolibomoa. La pili ni nani atakayeangukiwa iwapo litakwenda upande usiotarajiwa. Majibu ya maswali hayo huondoa njia moja au mbili kati ya zile tatu kabla hata ya kikokotoo kuguswa, na mara nyingine huondoa ile ambayo kila mtu alidhani ndiyo ya upole.

Jengo lililoachwa na jengo lililoharibika

Notisi huyaweka majengo haya mawili katika kapu moja, lakini mbomoaji hawezi kufanya hivyo. Jengo lililoachwa, kama ghala la zamani au ofisi iliyohamwa, linaweza kuwa na mifupa mizima: nguzo zimesimama wima, nondo hazijaliwa na kutu, na mhandisi mwenye michoro anaweza kueleza mzigo wa kila ghorofa unapita wapi hadi kufika kwenye msingi. Jengo lililoharibika kwa moto, mafuriko, tetemeko au ujenzi mbovu ni kama halina michoro tena hata kama karatasi zipo, kwa kuwa mzigo umeshahama kutoka kwenye nguzo iliyopasuka kwenda kwenye nguzo nyingine au kwenye ukuta ambao haukusanifiwa kubeba chochote. Ukuta wa matofali uliokuwa wa kugawa vyumba tu unaweza kuwa ndio unaoshikilia ghorofa tatu, na fundi akiuangusha kwa kudhani ni ukuta mwepesi, ghorofa hizo humfuata.

Moto hudanganya kuliko yote. Zege lililopata joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi hupoteza sehemu ya nguvu yake na haliirudishi linapopoa, ilhali kwa macho huenda likaonekana limepata masizi tu. Michoro yenyewe pia huweza kusema uongo. Jengo lililoporomoka Kisutu, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa limefika ghorofa 16, wakati kibali chake, kwa taarifa zilizotolewa baada ya maafa, kilikuwa cha ghorofa 10. Mbomoaji ambaye angekabidhiwa jengo la namna hiyo kabla halijaanguka, akategemea karatasi za manispaa kupanga kazi yake, angekuwa amepanga kubomoa jengo jingine kabisa.

Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mhandisi wa miundo, ambao wamiliki wengi huuona kuwa gharama ya ziada, ndio unaopaswa kulipiwa mwanzo kabisa. Mhandisi huyo asiwe mtu wa mkandarasi anayetaka kazi.

Kubomoa kwa mkono

Njia ya mkono ni kulitengua jengo kwa mpangilio ulio kinyume cha ule wa kulijenga. Paa huondoka kwanza, kisha dari, kuta za kugawa vyumba, sakafu ya zege inayokatwa vipande kwa vipande, bimu, na mwisho nguzo, halafu kazi inashuka ghorofa ya chini yake na kuanza upya. Zana zake ni nyundo nzito, patasi, mitaimbo, grainda, gesi ya kukatia nondo na, penye uwezo, nyundo ya upepo yenye kompresa. Faida zake katika miji yetu ni za kweli. Vijana wanaweza kufika kwenye kichochoro ambacho lori halipiti, mtikisiko unaofika kwa jirani ni mdogo, ukuta unaogusana na nyumba ya mtu mwingine unaweza kuondolewa tofali moja baada ya jingine, na mabati, mbao, milango, vigae na nondo hutoka katika hali ya kuuzika.

Kasoro yake ni kwamba mfanyakazi husimama juu ya kitu anachokiharibu. Hesabu ya uzito inaeleza hatari hiyo vizuri kuliko maonyo. Zege lenye nondo lina tani 2.4 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba kabla mtu hajaikanyaga. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa zibebe, juu ya uzito wake zenyewe, kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kifusi kilicholegea kina tani moja na nusu hivi kwa mita ya ujazo. Rundo lake la kimo cha nusu mita, yaani linalofika magotini, lina zaidi ya kilo 700 kwa mita ya mraba, karibu mara nne hadi tano ya kile ambacho sakafu nzima isiyo na ufa iliahidiwa kubeba. Vijana wanaopasua ghorofa ya tano na kuacha kifusi kikusanyike ghorofa ya nne wanasubiri ghorofa ya nne iangukie ya tatu, nayo iangukie ya pili. Kifusi kinapaswa kushushwa siku ile ile, kupitia bomba la kushushia au tundu lililozungushiwa uzio ambalo hakuna anayepita chini yake, na ukimkuta msimamizi anasema kitashushwa mwishoni mwa wiki pamoja, huyo hajui kazi.

Yapo mambo mengine yanayoua katika njia hii, na mengi yanahusu mpangilio. Balkoni inayoning'inia nje hushikiliwa na uzito wa sakafu iliyo nyuma yake, hivyo anayeanza kuvunja ndani ameikata mkia nayo inageuka na kwenda barabarani pamoja na yeyote aliye juu yake. Ukuta mrefu uliobaki peke yake baada ya sakafu kuondolewa hauna cha kuushika upepo unapovuma. Nondo za nguzo zikikatwa zote kwa pamoja, nguzo huchagua yenyewe pa kuangukia. Fundi mzoefu huchimba zege upande mmoja, huifunga nguzo kwa kamba ya waya, huacha nondo za upande inakotakiwa kulala, kisha huivuta kuelekea ndani ya jengo. Jukwaa la nje lisimame kwa miguu yake kutoka ardhini, kwa sababu jukwaa lililofungwa kwenye ukuta unaobomolewa hupoteza nguvu kila tofali linapotoka. Watu wasifanye kazi katika ghorofa mbili kwa wakati mmoja.

Kwa jengo lililoachwa lakini zima, hadi ghorofa tatu au nne, lililobanwa pande zote, ningechagua mkono bila kusitasita, mradi mpangilio huo uandikwe na usimamiwe. Kwa jengo lenye nyufa za mshazari kwenye nguzo, sakafu iliyobonyea au dalili za kuzama kwa msingi, ningeukataa, hata kama ndio wa bei ndogo na ndio unaoonekana wa taratibu. Hapa ndipo dhana ya kawaida inapokosea. Utaratibu wa mkono unamhurumia jirani, haumhurumii aliye ndani.

Kubomoa kwa mashine

Magazeti huita kila mashine ya kubomolea tingatinga, ingawa tingatinga lenyewe, lenye sahani ya kusukuma udongo, ndilo lisilofaa kabisa kwa jengo refu kwa sababu hulisukuma kutoka chini. Mashine inayofaa ni ekskaveta, ile ya mkono mrefu na kijiko, iliyofungwa nyundo ya majimaji au mkasi wa kutafuna zege badala ya kijiko. Ubora wake mkubwa ni kwamba dereva yuko mbali na kile kinachoanguka, ndani ya kibanda chenye wavu au chuma cha kumkinga, na hakuna mtu anayehitaji kukanyaga sakafu iliyopasuka. Hilo ndilo linaloifanya iwe chaguo la kwanza kwa jengo lililoharibika.

Ushahidi mzuri unatoka Christchurch, New Zealand, ambako tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliua watu 185 na kuacha majengo mengi ya katikati ya mji yakiwa yamesimama lakini hayafai. Zaidi ya majengo 1,000 yalibomolewa katika miaka iliyofuata, na karibu yote yalibomolewa kwa mashine, nyingine zikiwa na mikono mirefu ya kufika ghorofa za juu. Baruti ilitumika mara chache tu katikati ya mji, ya kwanza ikiwa tarehe 5 Agosti 2012, kwa jengo la ghorofa 14 lililojulikana kama Radio Network House. Kutumia baruti zaidi kungedai kuwapeleka watu ndani ya majengo yaliyotikisika ili wakatoboe nguzo.

Tatizo la mashine katika miji yetu ni urefu na nafasi. Ekskaveta ya kawaida ya tani 20 hufika juu kwa mita tisa hivi, yaani ghorofa tatu. Mwenye jengo la ghorofa sita akiletewa mashine hiyo aulize ghorofa tatu za juu zitafikiwaje, kwa sababu majibu mawili yanayosikika mara nyingi yote ni mabaya. Jibu la kwanza ni kujenga rundo la udongo au kifusi na kuipandisha mashine juu yake. Tarehe 9 Juni 2021 mjini Gwangju, Korea Kusini, jengo la ghorofa tano lililokuwa likibomolewa kwa mashine iliyopandishwa juu ya rundo la udongo liliangukia barabarani juu ya basi lililosimama kituoni, likaua watu tisa. Kazi haikuwa imeanzia juu, udongo ulikuwa umelisukuma jengo kutoka nyuma, na maji mengi yaliyomwagwa kutuliza vumbi yaliongeza uzito. Jibu la pili ni kukata nguzo za chini ili jengo lishuke lenyewe. Hiyo ni baruti bila baruti, na bila hesabu yoyote ya baruti.

Mashine yenye mkono mrefu inayofika mita 20 au zaidi ndiyo jawabu sahihi, lakini si kila mji unayo, na gharama ya kuisafirisha peke yake inaweza kushinda gharama ya kazi. Pasipo nayo, njia inayotumika sana ni mchanganyiko: ghorofa za juu hushushwa kwa mkono, au kwa mashine ndogo ya tani moja na nusu hadi tatu inayopandishwa kwa winchi, kisha mashine kubwa humalizia zilizobaki. Mchanganyiko huo unafaa kwa jengo zima tu, kwa kuwa mashine ndogo nayo inahitaji sakafu kadhaa za chini yake ziwekewe jeki za chuma au mirunda iliyopangwa wima, moja juu ya nyingine, hadi kwenye udongo.

Kuhusu nafasi, kanuni ya kazi inayotumiwa na wengi ni kwamba mashine isikae karibu na jengo kuliko nusu ya urefu wa jengo hilo, na eneo la kuangukia liwe tupu zaidi ya hapo. Jengo la mita 18 linahitaji mita tisa za mbele kwa mashine tu. Mtaa wa Kariakoo au wa Eastleigh hautoi mita tisa pasipo kufunga barabara, na kufunga barabara kunahitaji kibali, polisi na wafanyabiashara wenye subira, mambo ambayo mkandarasi wa bei rahisi huwa hakuyaweka kwenye hesabu yake. Chini nako kuna mitego. Shimo la maji taka la zamani, kisima kilichofunikwa au ghorofa ya chini ya ardhi vinaweza kuimeza mashine ya tani 20 pamoja na dereva wake, hivyo vitafutwe, vijazwe au viwekewe alama kabla mashine haijashuka kwenye lori.

Ghorofa ya chini ya ardhi inastahili tahadhari ya peke yake. Kuta zake zinashikilia udongo wa jirani, nazo zinashikiliwa na sakafu zilizo juu yake; anayetoa sakafu hizo kabla ya kujaza shimo au kuzikinga kuta anaualika udongo wa jirani uingie, na nyumba ya jirani ifuate. Baada ya jengo la ghorofa nne kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, kazi iliyokuwa ikifanyika sehemu ya chini ya jengo hilo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa kwanza. Kuchimba na kubomoa ni kazi mbili, lakini udongo hauzitofautishi.

Baruti

Watu wengi hudhani baruti hulisaga jengo. Ukweli ni kwamba baruti hukata nguzo chache zilizochaguliwa, kwa tofauti za sehemu ndogo za sekunde, na uzito wa jengo lenyewe ndio unaomaliza. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya siku yenyewe. Kwa wiki au miezi mafundi hukaa ndani ya jengo wakiondoa kuta, wakidhoofisha ngazi, wakitoboa nguzo na kuzifunga kwa wavu na vitambaa vizito vya kuzuia vipande visiruke. Jengo linadhoofishwa makusudi wakati watu wamo ndani. Katika kituo cha zamani cha umeme cha Didcot, Uingereza, mwezi Februari 2016, wafanyakazi wanne walikufa pale sehemu ya jengo la matanuri iliyokuwa ikiandaliwa kwa baruti ilipoporomoka kabla ya wakati.

Inapofaa, hata hivyo, hakuna njia inayoishinda. Mfano ulio karibu nasi ni jengo la Bank of Lisbon mjini Johannesburg, lenye ghorofa 31 na urefu wa mita 108. Liliungua mwezi Septemba 2018, moto ambao ulichukua maisha ya wazimamoto watatu, na tarehe 24 Novemba 2019, asubuhi ya Jumapili, liliangushwa kwa chini ya tani moja ya baruti. Kulibomoa jengo la urefu huo kwa mkono kungeweka mamia ya watu kwenye ghorofa zilizoungua kwa muda mrefu sana. Huko Abu Dhabi, minara ya Mina Plaza yenye mita 165 ilishuka kwa sekunde 10 tarehe 27 Novemba 2020, na huko Noida, India, minara miwili iliyokaribia mita 100 iliangushwa tarehe 28 Agosti 2022 kwa kilo 3,700 hivi za baruti, baada ya maelfu ya majirani kuhamishwa kwa siku hiyo.

Lakini ukizitazama kazi hizo kwa makini utaona kwamba zote ni za minara mirefu, zimesimamiwa na kampuni zenye uzoefu wa miaka mingi, na zimepewa mamlaka ya kuwaondoa watu wote wa eneo hilo. Hata hapo, hakuna hakikisho. Mjini Glasgow mwezi Oktoba 2015, kati ya maghorofa sita ya Red Road yaliyolipuliwa kwa pamoja, mawili hayakuanguka yote, na mashine ilibidi ziyamalize. Mjini Dallas mwezi Februari 2020, kiini cha zege, yaani sehemu ya katikati yenye lifti na ngazi, cha jengo la ghorofa 11 kilibaki kimesimama kwa kuinama, na ilichukua takriban wiki mbili kukiangusha kwa kukigonga kwa tufe la chuma. Jengo ambalo limelipuliwa nusu ndilo jengo la hatari kuliko yote, kwa sababu huenda lina baruti ambayo haijalipuka na nguzo ambazo zimeshakatwa. Mjini Canberra, Australia, tarehe 13 Julai 1997, kipande kilichoruka kutoka kwenye hospitali ya zamani kilimuua msichana wa miaka 12 aliyekuwa ng'ambo ya ziwa, mita mia kadhaa kutoka pale, katikati ya umati uliokuwa umealikwa kutazama.

Ipo hali moja ambapo baruti hufaa kwa jengo lililoharibika. Sehemu ya jengo la Champlain Towers South lililokuwa Surfside, Florida, ilipoporomoka tarehe 24 Juni 2021, nusu iliyobaki iliwatishia waokoaji waliokuwa chini yake, na dhoruba ilikuwa njiani. Tarehe 4 Julai, usiku, nusu hiyo iliangushwa kwa baruti, na uokoaji ukaendelea hadi maeneo ambayo hayakuweza kufikiwa awali. Uamuzi huo ulitokana na kulinganisha hatari mbili zilizokuwa tayari zipo, ukachukuliwa na mamlaka za umma, si na mwenye jengo.

Kwa mwenye ghorofa tano mtaani, basi, baruti si chaguo. Kuimiliki, kuisafirisha na kuilipua ni mambo yanayodhibitiwa na sheria katika nchi zetu zote, na mwenye cheti cha kulipua miamba machimboni si lazima awe anajua kulipua jengo lililo katikati ya watu. Mkandarasi anayeitaja katika mazungumzo ya kwanza amekupa taarifa ya kutosha juu yake.

Pale ambapo hata nyundo ni nyingi

Penye zege nene na jirani asiyestahimili kishindo, kama hospitali, kuna unga wa chokaa unaochanganywa na maji na kumiminwa kwenye matundu yaliyotobolewa. Hutanuka polepole na kulipasua zege ndani ya saa 24 hivi, bila mlio. Unafaa kwa misingi na mapande makubwa, haufai kwa sakafu nyembamba, na katika joto kali unaweza kuruka kutoka kwenye tundu na kuumiza macho ya anayechungulia.

Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zinahitaji fikra tofauti kabisa. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe zimeegemeana nyumba kwa nyumba, na boriti za mikoko zinazobeba sakafu ndizo zinazozifunga kuta zisiachane. Ukibomoa moja umemwondolea jirani egemeo, na kwa mashine unatikisa mtaa mzima. Maji nayo, ambayo kwenye zege hutuliza vumbi, hulainisha chokaa na kuupa ukuta uzito, hivyo unyunyizaji uwe wa ukungu tu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, na watu wawili walikufa. Kilichobaki hakikufagiliwa, kilishikiliwa. Kwa nyumba za namna hii chaguo la kwanza liwe kuzikinga kwa mirunda na kuzitengeneza, na pale inapobidi kubomoa, iwe kwa mkono wa mafundi wanaojua chokaa, ukuta wa pamoja ukiachwa au ukikingwa kwa mirunda ya kudumu upande wa jirani. Mamlaka ya hifadhi lazima iulizwe mapema, kabla paa halijaguswa.

Kazi inayofanywa kwa mkono katika kila njia

Paa la asbesto, yale mabati ya kijivu yenye mawimbi yaliyotengenezwa kwa saruji na nyuzi, bado lipo kwenye shule nyingi, nyumba za serikali na maghala. Likivunjwa kwa nyundo au kutafunwa na mashine hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo liloweshwe, misumari na boliti zifunguliwe, kila bati lishushwe zima, lifungwe kwenye plastiki nene mara mbili na lipelekwe mahali panaporuhusiwa na mamlaka ya mazingira, ambayo ni NEMC Tanzania na NEMA Kenya. Mwenye jengo aliyechagua mashine kwa sababu ya haraka asitarajie kuikwepa hatua hii. Umeme na maji navyo hukatwa na shirika lenyewe nje ya kiwanja, wala isiwe fundi kuzima swichi kuu na kusema tayari.

Kulinganisha hesabu za wakandarasi

Katika miji yetu mbomoaji mara nyingi hulipwa kwa sehemu na vyuma chakavu. Anapunguza bei, au hata anamlipa mwenye jengo, kwa sharti la kuchukua nondo, mabati na mbao. Mpango huu unaonekana mzuri kwenye karatasi, lakini unamfanya atamani kutoa kwanza vitu vyenye bei, na vitu vyenye bei ndivyo vinavyolishika jengo. Mjini Philadelphia, Marekani, tarehe 5 Juni 2013, mkandarasi aliyekuwa ameomba malipo madogo sana kuliko washindani wake alitoa mbao za sakafu ili aziuze, akaacha ukuta mrefu wa matofali bila kitu cha kuushikilia kando ya duka lililokuwa wazi. Ukuta uliangukia duka hilo na kuua watu sita papo hapo. Wa saba alifariki baadaye. Mkandarasi na dereva wa mashine wote walifungwa.

Ukikubali mpango wa vyuma, mkataba useme kwamba hakuna nondo, bimu wala mbao ya kubeba mzigo itakayotoka kabla ya zamu yake katika mpangilio ulioidhinishwa na mhandisi, na kwamba mhandisi huyo ana mamlaka ya kusimamisha kazi siku yoyote. Kisha zilinganishe hesabu kwa vitu ambavyo bei ya jumla huvificha: uondoaji wa asbesto umehesabiwa au umeachwa, kifusi kitashushwa kila siku na kupelekwa dampo gani, barabara itafungwa kwa kibali cha nani, jeki na mirunda ni ngapi, bima inamhusu jirani au wafanyakazi tu. Nyumba za majirani zipigwe picha ndani na nje, nyufa zote zikiwekewa tarehe mbele ya mwenye nyumba, kabla nyundo ya kwanza haijapiga. Hesabu iliyokuwa ya chini kuliko zote mara nyingi hupanda na kuzipita nyingine vitu hivyo vinapoongezwa, na ikiwa mkandarasi atakataa kuviongeza, jina lake litoke kwenye orodha, njia yoyote aliyoipendekeza.